Mjumbe Akishakalia Kiti

Katika makaburi ya Hope, mjini Barre, jimbo la Vermont huko Marekani, kuna mtu ameketi kama anayewaza jambo zito. Suti yake ina mikunjo, vifungo vya koti unaweza kuvihesabu, na miguuni pake zimelazwa zana za kazi yake ya kuchonga mawe. Vyote hivyo, mtu, suti na zana, ni jiwe moja la itale. Aliyeketi ni Elia Corti, mhamiaji kutoka Italia. Waliomchonga ni ndugu yake na shemeji yake.

Corti alikuwa mwanakisti, mtu asiyeamini kura wala bunge, na Oktoba 1903 alipigwa risasi na msoshalisti, wa upande ulioamini kwamba mfanyakazi atakombolewa kupitia kura.

Haikuwa vitani wala barabarani. Ilikuwa ndani ya ukumbi wa wafanyakazi, ukumbi ambao Waitaliano wa Barre walikuwa wameujenga kwa mikono yao mwaka 1900, wachonga mawe wa pande zote mbili wakiutumia. Usiku ule walikuwa wakimsubiri Giacinto Menotti Serrati, mhariri wa gazeti la wasoshalisti, aje kuhutubia. Akachelewa. Watu wa mitazamo miwili waliobanana kwenye ukumbi mmoja, mgeni haonekani, unajua tena kinachofuata. Maneno yakazaa makonde, makonde yakazaa bastola. Corti, ambaye alikuwa amechonga mapambo ya msingi wa sanamu ya mshairi Robert Burns iliyosimama mjini humo, alifariki kwa jeraha lile kabla hajafika miaka 40.

Ninachoshindwa kukimeza ni kwamba watu hawa walikuwa wakivuta vumbi moja. Vumbi la itale liliwala mapafu wachongaji wa Barre bila kuuliza nani anaamini kura na nani haamini. Kazi moja, ugonjwa mmoja, lugha moja, ukumbi mmoja. Wakauana kwa sababu ya bunge ambalo wengi wao, kama wageni, hata haki ya kulipigia kura hawakuwa nayo.

Kwa miaka mingi nilikuwa nikiisoma habari hii kama kichekesho cheusi. Siku hizi naiona tofauti, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza nisafishe maneno. Nasema “wasoshalisti” badala ya “wajamaa” kwa makusudi, maana ukitaja ujamaa kwa Kiswahili msomaji anaruka moja kwa moja hadi kwenye sera ya dola fulani, na mjadala unahama. Anakia nayo tumezoea kuitafsiri kuwa fujo. Waanakisti wenyewe walimaanisha jamii isiyo na mtawala, inayojiendesha kwa makubaliano ya watu wa chini, na wengi wao walikuwa na nidhamu kuliko askari. Kisha kuna kile wanachokiita vitendo vya moja kwa moja. Nimeshaona mtu akikitafsiri kuwa “kujichukulia sheria mkononi”, maneno ambayo kwetu wasemaji wa Kiswahili yananuka mawe na vibiriti. Siyo hivyo. Maana yake ni nyepesi zaidi: unachokitaka, kifanye mwenyewe pamoja na wenzako, usimtume mtu akakuombee. Mnataka siku ya kazi iwe ya saa 8? Saa ya nane ikitimia, wekeni zana chini. Hivyo ndivyo ulivyoanza mgomo wa Mei 1, 1886 kule Marekani, ule uliowapeleka kitanzini watu wanne mjini Chicago mwaka uliofuata. Mmoja wao, Albert Parsons, alikuwa amegombea vyeo mara kadhaa kwa tiketi ya wasoshalisti kabla hajaikatia tamaa kura. Hakuzaliwa akiidharau. Alifundishwa kuidharau.

Kwenye lengo pande hizi mbili zilikuwa karibu sana: viwanda, ardhi na mashine viwe mikononi mwa wanaofanya kazi. Waligombana juu ya njia. Karl Marx, wa upande wa wasoshalisti, na Mikhail Bakunin, wa upande wa waanakisti, walishindwa kukaa zizi moja, na mkutano wa The Hague mwaka 1872 ukamfukuza Bakunin kutoka Chama cha Kimataifa cha Wafanyakazi. Mwaka 1896, London, wasoshalisti wakafunga mlango kabisa: asiyekubali siasa za bunge asije tena kwenye mikutano yao. Marx hakuwa mjinga katika hili. Alikuwa ameiona sheria ya mwaka 1847 ya Uingereza, iliyoweka saa 10 za kazi kwa wanawake na vijana viwandani, na akaona kwamba karatasi ya bunge inaweza kumrudishia mtoto usingizi wake. Nani atapinga hilo?

Sasa nitoke kwenye vitabu kidogo.

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi mahali ambapo malimbikizo ya mishahara yalikuwa yameshakuwa wimbo. Tulikuwa watu 40 na ushei. Tukakutana stoo, wengine wamekalia makreti, na ndani ya nusu saa tukagawanyika. Wapo waliotaka tuandike barua kwa mbunge na ofisi ya kazi. Wapo waliosema dua la kuku halimpati mwewe, tusimamishe kazi kesho asubuhi. Hakuna aliyemtaja Bakunin, na sidhani kama kulikuwa na anayemjua. Mwisho tukakubaliana tutume wajumbe watatu kwa mkurugenzi kwanza. Mimi nikawa mmoja wao, kwa sababu eti naongea vizuri.

Ofisini kwake tulipewa viti laini, vile vya kukumeza. Kila mmoja wetu alimwita kwa jina, jambo lililonishangaza, maana korido alikuwa hatusalimii. Akafungua daftari la mahesabu akatuonyesha: fulani hajalipa, benki imegoma, kodi imepanda. Kisha akanitazama mimi. “Wewe ni mwelewa,” akasema. “Wenzako wale hawawezi kuliona hili.”

Nikarudi stoo. Nikasimama mbele ya watu walionituma, na nikausikia mdomo wangu ukisema, “Jamani, na wao wana matatizo yao.”

Palikuwa na mama mmoja wa usafi, mkubwa kuliko sote. Hakupandisha sauti. “Mwanangu,” akaniambia, “tulikutuma upeleke yetu, umetuletea ya kwao.”

Sikuhongwa. Ningekuwa nimehongwa hadithi ingekuwa rahisi, na nisingekuwa naiandika. Nilipewa kiti tu, na kuitwa mwelewa. Tangu siku ile hoja ya waanakisti dhidi ya bunge nimeielewa kwa ngozi. Wanaodhani hoja hiyo inasema kwamba wabunge ni wezi wanaipunguza. Mwizi ni rahisi, unambadilisha unaweka mwaminifu. Waanakisti walisema tatizo ni huyo mwaminifu. Kiti kinamfanyia kazi taratibu. Anaanza kuona pande mbili, na upande wa pili una makabrasha mazuri zaidi.

Historia iliwapa ushahidi mapema. Mwaka 1899 Alexandre Millerand, msoshalisti, aliingia katika serikali ya Ufaransa, na waziri wa vita katika baraza hilohilo alikuwa Jenerali Galliffet, mmoja wa wale walioizamisha kwenye damu Komuni ya Paris, uasi wa wafanyakazi wa jiji hilo, mwaka 1871. Wakakaa meza moja. Lakini lililowavunja moyo watu wengi zaidi ni la Ujerumani. Chama cha wasoshalisti kule kilikuwa fahari ya dunia nzima ya wafanyakazi. Katika uchaguzi wa mwaka 1912 kilipata viti 110 na kuwa chama kikubwa kuliko vyote katika Reichstag, bunge la Ujerumani. Kilikuwa na magazeti, maktaba, vyama vya waimbaji, hata vya waendesha baiskeli. Agosti 4, 1914, wabunge wake wakapiga kura kuidhinisha fedha za vita. Karl Liebknecht, aliyepinga ndani ya kikao cha chama, alifuata nidhamu akapiga kura pamoja na wenzake. Ilimchukua hadi Desemba kusema hapana, na siku hiyo alisema peke yake.

Hapa waanakisti wengi hufunga kitabu na kuondoka wakitabasamu. Wangesubiri kidogo. Siku hiyohiyo ya Agosti 4, jijini Paris, alikuwa akizikwa Jean Jaurès, msoshalisti aliyeuawa siku 4 kabla kwa ajili ya upinzani wake kwa vita. Kwenye mazishi alihutubia Léon Jouhaux, katibu wa shirikisho la vyama vya wafanyakazi lililokuwa limejiapiza kujitenga na vyama vyote vya siasa, lililotishia kwa miaka kwamba vita vikija jibu ni mgomo mkuu. Hotuba ile ilikuwa ya kwenda vitani. Mgomo haukuitishwa. Na Pyotr Kropotkin, mzee wa waanakisti wa dunia, mwaka 1916 alitia sahihi tamko la kuunga mkono upande wa Ufaransa na washirika wake. Hakuwa amekalia kiti chochote cha bunge. Kwa hiyo usafi wa njia haukumlinda mtu.

Nikubali kwamba nilipofika hapa katika kusoma kwangu nilikwama. Kama kiti kinaharibu, na kukikataa kiti hakuokoi, basi wale wa Barre walipigania nini? Kilichonikwamua ni mji mwingine, siyo mbali sana na Barre, miaka 9 baada ya risasi ile.

Lawrence, Massachusetts, ulikuwa mji wa viwanda vya nguo. Bunge la jimbo lilipitisha sheria nzuri kabisa: kuanzia Januari 1, 1912, wanawake na watoto wasifanye kazi zaidi ya saa 54 kwa wiki, badala ya 56. Saa mbili za kupumua. Hongera kwa bunge. Waajiri wakaitii sheria, kisha wakakata mshahara wa saa mbili hizo. Kwa mtu ambaye wastani wa mshahara kiwandani ulikuwa haufiki dola 9 kwa wiki, senti 32 zilizopungua zilikuwa mikate kadhaa mezani. Januari 11 wafumaji wa Kipolandi, wanawake, wakafungua bahasha zao za malipo, wakahesabu, wakasimamisha mashine, wakatoka. Kesho yake mji mzima ulikuwa ukifuata.

Watu zaidi ya 20,000, wenye lugha zaidi ya 20, wengi wao wageni ambao vyama vikubwa vya mafundi vilikuwa vimewaona hawafundishiki. Walioratibu mgomo walikuwa watu wa IWW, umoja wa wafanyakazi ulioundwa Chicago mwaka 1905 ambao mwaka 1908 ulifuta siasa za uchaguzi kwenye katiba yake. Hawakuwa waanakisti wote, lakini katika suala hili la bunge walisimama hukohuko. Kukaa langoni mwa viwanda kulikatazwa, basi wagomaji wakabuni mnyororo wa watu unaotembea bila kusimama kuzizunguka kuta za viwanda, mchana na usiku. Huwezi kumkamata mtu kwa kukaa kama hajakaa. Wanamgambo wakaletwa. Mwanamke mmoja, Anna LoPizzo, akapigwa risasi akafa, na viongozi wawili wa mgomo, Joseph Ettor na Arturo Giovannitti, wakawekwa mahabusu kwa shtaka la kuchochea mauaji yake, ingawa hawakuwapo mahali pale.

Kisha ukaja mpango wa watoto, ambao waanzilishi wake walikuwa Waitaliano. Njaa ikizidi, wapelekwe kwa familia za wafanyakazi miji mingine hadi mgomo uishe. Februari kundi la watoto 35 likapelekwa Barre, na waliwapokelea kwenye ukumbi uleule. Ukumbi wa Corti. Wasoshalisti na waanakisti wa mji ule wakagawana watoto majumbani mwao.

Februari 24 kundi jingine lilipokuwa stesheni likisubiri treni ya Philadelphia, polisi wakawavamia akina mama na watoto kwa virungu. Nchi ikasikia. Na hapa anaingia mtu ambaye kwa haki yote asingepaswa kuwamo katika hadithi hii: Victor Berger wa Milwaukee, msoshalisti wa kwanza kuchaguliwa kuingia Kongresi ya Marekani. Berger hakuipenda IWW hata kidogo. Kwake wale walikuwa wapiga kelele wanaokivunjia chama heshima. Lakini alikuwa na kiti, na kupitia kiti kile alisukuma kamati ya Baraza la Wawakilishi iwaite watoto wa Lawrence waje Washington kuzungumza.

Walikwenda mwanzoni mwa Machi. Mmoja aliitwa Camella Teoli, miaka 14. Alieleza kwamba mtu alikuja nyumbani akamwambia baba yake, nipe dola 4 nitakutengenezea karatasi zinazoonyesha binti ana miaka 14, wakati alikuwa na 13. Akaingia kiwandani. Baada ya wiki mbili hivi mashine ilizikamata nywele zake ikamng'oa ngozi ya kichwa. Akalazwa miezi 7. Hayo aliyasema mbele ya wabunge, na miongoni mwa waliokaa kusikiliza alikuwamo Helen Taft, mke wa rais. Machi 12 kampuni kubwa kuliko zote mjini Lawrence ikakubali kupandisha mishahara. Machi 14 wagomaji wakakutana uwanjani, wakapiga kura ya kukubali.

Nimeirudia habari hii mara nyingi nikitafuta nani alishinda. Sheria ya bunge ilileta mgomo kwa sababu haikuwa na mtu kiwandani wa kuilinda. Mgomo ulifika Washington kwa sababu alikuwapo mtu mwenye kiti. Na yule mwenye kiti, bila wale 20,000 mitaani, angekuwa na hoja moja mezani miongoni mwa hoja mia. Kila upande ulikuwa na kipande, na kwa wiki chache vipande vile vilikutana, bila upendo wowote.

Ungetegemea baada ya hapo washikane mikono. Wapi! Mei mwaka uleule chama cha wasoshalisti kilikutana Indianapolis kikaweka kifungu: mwanachama atakayepinga siasa za uchaguzi, au kuhubiri hujuma na uvunjaji wa sheria, afukuzwe. Berger alikuwa mbele katika kukipigania. Februari 1913 Bill Haywood, kiongozi mashuhuri wa IWW aliyekuwapo Lawrence, aliondolewa kwa kura ya wanachama kwenye kamati kuu ya chama. Huku Lawrence kwenyewe, umoja uliokuwa umefurika maelfu wakati wa mgomo ulishuka ndani ya mwaka mmoja na nusu hadi mamia tu. IWW ilikataa kwa kanuni kusaini mikataba ya muda na waajiri, kwa hoja kwamba mkataba ni pingu kwa mfanyakazi. Ni hoja nzuri hadi siku watu wanapochoka, na watu huchoka.

Berger naye yalimkuta. Alipinga vita, akashtakiwa, na bado mwaka 1918 wapigakura wake wakamchagua. Mwaka uliofuata akahukumiwa. Kongresi ikakataa kumwapisha. Uchaguzi ukarudiwa, akashinda tena, ikamkataa tena Januari 1920. Mtu aliyeliamini sanduku la kura kuliko karibu kila msoshalisti wa nchi ile alisimama mlangoni na ushindi wake mkononi. Sisemi hivi kumcheka. Hukumu yake Mahakama ya Juu iliibatilisha mwaka 1921, na baadaye alirudi bungeni. Lakini ningependa kujua siku ile mlangoni aliwaza nini kuhusu Haywood.

Kuhusu Hispania nitasema kidogo, maana ni bahari. Novemba 1933 waanakisti wa CNT, shirikisho lao la vyama vya wafanyakazi, waliwaambia wafanyakazi wasipige kura, na mrengo wa kulia ukashinda. Februari 1936, wenzao maelfu wakiwa gerezani na mrengo wa kushoto ukiahidi msamaha, hawakupiga kampeni hiyo kwa nguvu, na kushoto kukashinda. Novemba mwaka huohuo, vita vya wenyewe kwa wenyewe vikiwa vimewaka, waanakisti wanne wakaingia serikalini, Juan García Oliver, aliyezijua jela vizuri, akiwa waziri wa sheria, na Federica Montseny waziri wa afya. Mei 1937 watu wao walipokuwa nyuma ya vizuizi mitaani Barcelona wakipigana na polisi, sauti zilizotoka redioni kuwataka waweke silaha chini zilikuwa za mawaziri haohao. Ninapoisoma sehemu hiyo namsikia yule mama wa stoo.

Tulisimamisha kazi siku mbili, kwa taarifa yenu. Mimi, kwa aibu ya ujumbe wangu ulioharibika, niligeuka kuwa mkali kuliko wote. Siku ya pili jioni tukalipwa malimbikizo yote, na mkurugenzi akasaini ukurasa mmoja kwamba mshahara hautachelewa tena zaidi ya siku 5. Mwenzetu mmoja, kijana mpole wa upande wa barua kwa mbunge, akapendekeza tuupeleke ukurasa ule ofisi ya kazi ukasajiliwe. Nikasimama nikampinga. Nikasema ofisi ile ni ya kwao, nguvu yetu ni hii hapa, watu 40 waliosimama pamoja. Nikapigiwa makofi.

Miezi 11 baadaye mkurugenzi alibadilishwa. Nusu yetu tulikuwa tumeshatawanyika, yule mama akiwa miongoni mwa waliotangulia kuondoka. Mshahara ukachelewa wiki tatu. Nikaenda na ukurasa wetu hadi ofisini, viti ni vilevile. Mkurugenzi mpya akausoma pande zote mbili, upande wa nyuma haukuwa na kitu, akanirudishia kwa adabu. “Hii mimi siijui,” akasema.

Ninao bado. Una sahihi tatu za upande wetu na moja ya upande wao, na pale chini, mahali pa muhuri, ni peupe.